Udumavu: Maana, Kipimo na Matumizi ya Istilahi

Udumavu ni hali ya mtoto kuwa na kimo kidogo mno kwa umri wake kwa sababu ukuaji wake umezuiwa na lishe duni na maradhi ya mara kwa mara. Neno hili limetokana na kitenzi dumaa, yaani kukoma au kuchelewa kukua, kwa njia ileile iliyotoa tulivu katika tulia na legevu katika legea. Kitenzi hicho, pamoja na mwenzake via, hutumika pia kwa mimea iliyokosa rutuba au maji. Kwa hiyo istilahi haitaji umbo la mtoto, bali jambo lililompata. Kuiita hali hii ufupi ni kosa, kwa kuwa ufupi waweza kurithiwa kwa wazazi wenye afya njema.

Udumavu ni aina mojawapo ya utapiamlo na una ndugu wawili. Ukondefu ni uzito mdogo kwa kimo, na mara nyingi huja ghafla kwa njaa au ugonjwa. Uzito pungufu ni uzito mdogo kwa umri. Udumavu hujengeka polepole, na mtoto aliyedumaa anaweza kuonekana mnene na mchangamfu. Hapo ndipo wazazi wengi hupitiwa.

Kipimo cha udumavu kimewekwa na Shirika la Afya Duniani katika viwango vya ukuaji vya mwaka 2006, vilivyotokana na watoto waliolelewa vizuri katika nchi 6: Brazili, Ghana, India, Norwe, Oman na Marekani. Mtoto wa chini ya miaka 2 hupimwa amelala, na aliyetimiza umri huo hupimwa amesimama. Huhesabiwa kuwa amedumaa akiwa chini ya kipimo cha katikati kwa zaidi ya mikengeuko sanifu 2, yaani vizio vya mtawanyiko wa vimo vya watoto wa umri na jinsia yake, na amedumaa sana ikizidi 3. Kwa mvulana wa miezi 24 anayepimwa amesimama, kipimo cha katikati ni sentimita 87.1, na mpaka wa udumavu ni sentimita 81.0.

Kipindi cha hatari ni siku 1,000 za mwanzo, kuanzia mimba kutungwa hadi mtoto kutimiza miaka 2. Visababishi ni pamoja na upungufu wa damu na lishe duni kwa mjamzito, mimba za utotoni, kutonyonyesha maziwa ya mama pekee kwa miezi 6, uji mtupu usio na maziwa, mayai, dagaa wala kunde, na kuharisha kunakojirudia. Wingi wa mavuno peke yake haumkingi mtoto. Utafiti wa kitaifa wa Tanzania wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka 5 wamedumaa, na mikoa iliyoongoza ilikuwa Iringa, Njombe na Rukwa, ambayo huvuna mahindi kwa wingi. Kenya, katika utafiti wake wa mwaka huohuo, ilipata asilimia 18.

Madhara hayaishii kwenye kimo. Ubongo hukua kwa kasi katika siku hizohizo 1,000, na watoto waliodumaa kwa jumla huwa nyuma darasani. Ushahidi mkubwa kuhusu namna ya kuwasaidia umetoka Kingston, Jamaika. Kuanzia mwaka 1986, mtafiti Sally Grantham-McGregor na wenzake waliwafuatilia watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24. Kwa miaka 2, wengine walipewa maziwa ya ziada. Wengine walitembelewa kila wiki na mhudumu wa afya aliyemfundisha mama kucheza na kuzungumza na mtoto. Wengine walipata yote mawili. Na wengine hawakupata lolote kati ya hayo. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2014 yalionyesha kuwa, miaka 20 baadaye, waliopata uchangamshi huo wa michezo na mazungumzo walikuwa na kipato kikubwa zaidi kwa takriban asilimia 25. Maziwa peke yake hayakuleta tofauti hiyo.

Kwa hiyo lishe na malezi havitenganishwi. Programu Jumuishi ya Taifa ya Malezi, Makuzi na Maendeleo ya Awali ya Mtoto, iliyozinduliwa Tanzania mwaka 2021, inaunganisha nguzo 5: afya bora, lishe ya kutosha, malezi yenye mwitikio, ujifunzaji wa awali, na ulinzi na usalama. Mlezi anayempeleka mtoto kliniki apimwe urefu, pamoja na uzito, huwapa wahudumu nafasi ya kuugundua udumavu ungali unazuilika.