Ukanda Mmoja, Kiti Kimoja: Historia ya Eneobunge la Kwanza la Illinois

Kuanzia Machi 1929 hadi mwisho wa mwaka 1944, Bunge la Marekani halikupata kuwa na zaidi ya mjumbe mweusi mmoja kwa wakati mmoja. Walikuwa watatu waliopokezana: Oscar De Priest, Arthur Mitchell na William Dawson. Nchi ilikuwa na Wamarekani Weusi wapatao milioni 12, waliotapakaa kutoka Virginia hadi California, lakini wajumbe hao watatu walitoka mahali pamoja, eneobunge la kwanza la jimbo la Illinois, katika upande wa kusini wa mji wa Chicago. Kabla yao, George Henry White wa North Carolina alikuwa ameondoka bungeni mwaka 1901, na kwa miaka 28 iliyofuata hakuna mtu mweusi hata mmoja aliyeapishwa.

Kwa nini Chicago, na kwa nini upande ule wa mji? Jibu halipatikani katika ukarimu wa wenyeji wala katika ufasaha wa wagombea. Linapatikana katika ramani. Eneobunge hili lilipata nguvu yake kutokana na ubaguzi uliowafungia watu ndani ya mitaa michache, na historia yake yote ni historia ya watu waliojifunza kukitumia kifungo hicho, kisha wakalazimika kuuliza nini kitabaki kifungo kitakapolegea.

Turejee kwenye reli. Njia ya Illinois Central iliunganisha Mississippi na Chicago moja kwa moja, na kituo chake kilikuwa pembezoni mwa kiini cha biashara cha mji, karibu na Ziwa Michigan. Vita Vikuu vya Kwanza vilipokata uhamiaji kutoka Ulaya, viwanda na machinjio ya Chicago yakawa na uhaba wa vibarua. Gazeti la Chicago Defender, lililoanzishwa na Robert Abbott mwaka 1905, lilisafirishwa Kusini na kusomwa kwa sauti mbele za watu, likiwahimiza wahame. Sensa ya 1910 ilihesabu watu weusi 44,103 mjini humo. Miaka kumi baadaye walikuwa 109,458, na mwaka 1930 walifika 233,903.

Wahamiaji hao hawakuruhusiwa kukaa popote walipotaka. Walisukumwa katika ukanda mwembamba ulioifuata barabara ya State kuelekea kusini. Magharibi kulikuwa na njia za reli na mitaa ya Waayalandi iliyolindwa na magenge ya vijana. Mashariki kulikuwa na Hyde Park, ambako wenye nyumba walijipanga kuwazuia. Julai 1919 kijana mweusi aliyekuwa akiogelea alivuka mstari usioonekana ziwani, akapigwa mawe, akazama. Ghasia zilizofuata ziliua watu 38, weusi 23 na weupe 15. Baada ya hapo silaha kuu ikawa karatasi. Wamiliki walitia saini mikataba ya kutowauzia wala kuwapangishia watu weusi. Carl Hansberry, mfanyabiashara mweusi, aliipinga mikataba hiyo mahakamani na kushinda mbele ya Mahakama ya Juu mwaka 1940, ingawa ushindi ule ulihusu dosari za kesi ya awali tu. Binti yake Lorraine aliyageuza mateso ya familia zilizotafuta nyumba nje ya ukanda kuwa tamthilia, A Raisin in the Sun, iliyoonyeshwa mara ya kwanza mwaka 1959.

Hata hivyo, kuta zile zilikuwa na tokeo ambalo waliozijenga hawakulikusudia. Kule Kusini mtu mweusi alizuiwa kupiga kura kwa kodi, mitihani ya hila na vitisho, Chicago hakuzuiwa. Alishuka garimoshini, akakaa muda uliotakiwa na sheria, akajiandikisha. Na kwa kuwa wote walikaa mahali pamoja, kura zao zilihesabika pamoja. Mwaka 1913 wanawake wa Illinois walipopata haki ya kupiga kura za mji na za rais, Ida B. Wells alikuwa tayari ameanzisha chama cha wanawake weusi, Alpha Suffrage Club, kilichotembea nyumba kwa nyumba kuandikisha wapigakura. Mwaka 1915 nguvu hiyo ilimsaidia Oscar De Priest kuwa diwani mweusi wa kwanza wa Chicago. De Priest alizaliwa Alabama mwaka 1871, akakulia Kansas, na kufika Chicago kama mpaka rangi wa nyumba.

Kiti cha Bunge kilikuwa bado mikononi mwa Martin Madden, mzungu wa chama cha Republican aliyekikalia tangu 1905. Madden alifariki Aprili 1928, baada ya kuteuliwa tena na chama chake. Kamati ya chama ilimchagua De Priest kujaza nafasi, na Novemba akashinda kwa kura nyingi kuliko wapinzani wake, ingawa hakufikia nusu. Palikuwa na hofu kwamba wajumbe wa Kusini wangepinga asiapishwe. Desturi ilikuwa kuapisha wajumbe jimbo baada ya jimbo, hivyo waliotangulia kuapa wangeweza kumwekea pingamizi anayefuata. Spika Nicholas Longworth akawaapisha wote kwa mkupuo mmoja.

Jambo moja la mipaka lastahili kutajwa hapa. Mipaka iliyompa De Priest ushindi ilichorwa mwaka 1901, wakati watu weusi wa Chicago walikuwa wachache mno kumtia yeyote wasiwasi. Bunge la jimbo, lililotawaliwa na wajumbe wa mashambani, lilikataa kuichora upya kwa zaidi ya miaka 40, kwa kuhofia kuupa mji viti zaidi. Mwaka 1946, katika kesi ya Colegrove, Mahakama ya Juu ilikataa kuingilia, ingawa eneobunge moja la Illinois lilikuwa na watu zaidi ya 900,000 na jingine watu wapatao 112,000 tu. Mipaka ilibadilishwa mwaka uliofuata. Kwa hiyo hakuna aliyekaa mezani na kuchora eneobunge la watu weusi. Mistari ilibaki palepale, watu wakahamia ndani yake.

Kiti hicho kimoja kilibeba mzigo wa taifa zima. De Priest alipokea barua kutoka kwa watu wasioweza kumpigia kura, kwa sababu hawakuwa na mjumbe mwingine wa kumwandikia. Mwaka 1934 alipambana kuufungua mkahawa wa Bunge kwa wateja weusi, akashindwa. Mrithi wake Mitchell alilazimishwa kuhama behewa alilolilipia akiwa safarini kwenda Arkansas mwaka 1937, kwa sababu ya rangi yake. Alishtaki, akaiendesha kesi mpaka Mahakama ya Juu, na mwaka 1941 akashinda.

Kupokezana kwa wawili hao kulikuwa pia kuhama kwa chama. Mwaka 1932, katikati ya mdororo mkuu wa uchumi, wapigakura weusi wengi wa Chicago bado walimpa kura Herbert Hoover, kwa kuwa chama cha Republican kilikuwa chama cha Lincoln. Miaka miwili baadaye, mipango ya ajira na misaada ya Roosevelt ilikuwa imeanza kufika mitaani. De Priest, aliyeikosoa mipango hiyo, aliangushwa na Mitchell, ambaye mwenyewe aliwahi kuwa Republican. Mitchell akawa Mdemokrati mweusi wa kwanza kuingia Bunge la Marekani. Tangu siku hiyo ya Novemba 1934, eneobunge la kwanza halijampeleka tena Republican hata mmoja Washington.

Dawson, aliyechaguliwa mwaka 1942 na kukaa mpaka alipofariki mwaka 1970, alijenga ngome. Mwaka 1949 akawa mtu mweusi wa kwanza kuongoza kamati ya kudumu ya Baraza la Wawakilishi. Chicago nguvu yake ilitoka kwa wajumbe wa mitaa waliojua nani hana kazi, nani amekamatwa, nani anahitaji makaa ya mawe kabla ya baridi. Mkono mtupu haulambwi, na wa Dawson haukuwa mtupu. Kura zake zilimsaidia Richard J. Daley kuwa meya mwaka 1955. Lakini Daley alipokwisha kuingia madarakani, alizishika mwenyewe hatamu za ajira za mji, na bei ya utiifu ikaonekana. Barabara kuu ya Dan Ryan ilifunguliwa mwaka 1962, ikawa mpaka mpana upande wa magharibi wa ukanda. Mwaka huohuo, sambamba nayo, yalikamilika makazi ya Robert Taylor, majengo 28 ya ghorofa 16 yaliyopangwa kwa mstari kando ya barabara ya State. Serikali ya mji ilitumia fedha za umma kujenga juu kwenda angani, ili watu wasitawanyike kwenda mitaa mingine. Kwa chama, kila jengo lilikuwa pia ghala la kura. Mjumbe aliyenufaika na msongamano wa watu wake hangekuwa mwepesi wa kudai utawanywe.

Ufa ulitokea kwa Ralph Metcalfe, mwanariadha aliyeshinda dhahabu ya kupokezana vijiti Berlin mwaka 1936 pamoja na Jesse Owens. Alikirithi kiti akiwa mtu wa Daley. Mwaka 1972, baada ya polisi kuwatendea vibaya madaktari weusi wa meno, alivunja uhusiano na meya hadharani. Mwaka 1976 Daley alimsimamishia mpinzani katika mchujo wa chama. Metcalfe alimshinda kwa kishindo. Wapigakura walewale walioitwa mali ya chama walikuwa wamethibitisha kwamba wanaweza kukikaidi. Harold Washington aliyaona hayo. Alikitwaa kiti mwaka 1980, na mwaka 1983 akakiacha na kuwa meya mweusi wa kwanza wa Chicago.

Kwa kuwa uchaguzi mkuu ulikuwa umekwisha maana katika eneobunge hili, ushindani wote ulihamia kwenye mchujo. Hapo ndipo Bobby Rush, aliyekuwa kiongozi wa Black Panther jimboni Illinois, alipomshinda Charles Hayes mwaka 1992. Na hapo ndipo, mwaka 2000, Rush alipopambana na seneta wa jimbo aliyefundisha sheria katika Chuo Kikuu cha Chicago na ambaye baba yake alikuwa Mkenya kutoka Siaya. Afrika Mashariki yote yaikumbuka Novemba 2008. Wachache wanaukumbuka mchujo huu, ambamo Rush alipata asilimia 61 na Barack Obama 30. Rush alikuwa amempoteza mwanawe kwa risasi miezi michache kabla, na watu walisimama naye. Lakini pia palikuwa na sababu ya kale zaidi. Kiti hiki kilijengwa na watu waliohesabiana kwa mtaa, kanisa na miaka ya ukaaji. Obama alitoka Hyde Park, upande ambao kwa miaka mingi ulikuwa ng'ambo ya ukuta. Baadaye, mipaka ya eneo lake la seneti ya Illinois ilipochorwa upya, ilinyooshwa kaskazini hadi mitaa ya matajiri kando ya ziwa. Njia yake ya kupanda ikapitia ramani nyingine.

Ramani ya eneobunge la kwanza nayo ilikuwa inabadilika. Tangu Mahakama ya Juu ilipoamua mwaka 1964 kwamba maeneobunge ya jimbo lazima yalingane kwa idadi ya watu, kila eneo linalopoteza watu hulazimika kutanuka. Na upande wa kusini ulipoteza wengi. Mazizi makuu ya mifugo yalifungwa mwaka 1971. Jengo la mwisho la Robert Taylor lilibomolewa mwaka 2007. Waliokuwa na uwezo walikwenda vitongojini, wengine wakarudi majimbo ya Kusini ambako babu zao walitoka. Watu weusi wa Chicago, waliozidi milioni 1.1 mwaka 1980, walishuka chini ya 800,000 mwaka 2020. Eneobunge lililokuwa maili chache za mitaa iliyosongamana sasa lina takriban watu 750,000 na linaanzia mitaa ya Bronzeville, likipita vitongoji vya kusini-magharibi, hadi mashamba ya mahindi ya kaunti za Will na Kankakee.

Rush alipostaafu, mchujo wa 2022 ulivutia wagombea zaidi ya 15. Jonathan Jackson, mtoto wa Jesse Jackson, alishinda kwa chini ya theluthi moja ya kura. Kiti kinaendelea kukaliwa na mtu mweusi, kama ilivyokuwa tangu 1929, lakini anayekikalia huwazungumzia wapangaji wa barabara ya 47 na pia wakulima ambao hawajawahi kuikanyaga. Haki ya kuishi popote ilipiganiwa na watu wa ukanda huu kwa vizazi vitatu, na walioipata waliitumia. Kila familia iliyohama ilipata nyumba, na pia iliondoa kura kadhaa mahali ambapo kura zilikuwa na uzito. Sheria ya mipaka haina namna ya kulipa vyote viwili kwa pamoja. Kila baada ya miaka kumi, sensa inapotoka, wachora ramani wa Illinois hulisukuma eneobunge hili mbele kidogo, likiwafuata watu wake.