Ngano ya Njoro na Daftari la Baba

Mhariri wa kitabu chetu ameniomba habari za bara, kwani wengi wenu mwaijua Unguja na Mombasa tu. Mimi nimekulia Njoro, karibu na Nakuru, futi 7,000 hivi juu ya usawa wa bahari, ambako marehemu baba alikuwa na duka. Alfajiri tulikwenda chuoni tumejitanda mablanketi, na umande ukitulowesha hadi magotini.

Baridi hiyo ndiyo iliyoileta ngano. Kila upandapo futi 1,000 joto hupungua takriban digrii 2 za Selisiasi. Penye joto ngano hukomaa kwa pupa na punje huwa nyembamba; penye ubaridi hukawia, punje ikapata wasaa wa kujaa. Lakini ukizidi kupanda mlima, jalidi ya usiku mmoja wakati wa maua yatosha kuyaacha masuke matupu.

Lord Delamere alipewa ekari 100,000 za Njoro mwaka 1903. Ni malisho ya Wamaasai, basi neno “kupewa” lina walakini. Kondoo walipomshinda akageukia ngano, na mwaka 1908 akaanzisha kampuni ya Unga. Kutu ikamvamia. Hii ni kuvu inayohitaji jani bichi lililolowa ili mbegu zake zimee, na umande wa Njoro huipa hayo kila usiku. Ulaya majira ya baridi huikatiza. Nyanda za juu za Kenya hazikosi ngano shambani karibu mwaka mzima, basi kutu haikosi pa kukaa. Ndiyo maana kituo cha kuzalisha mbegu kikafunguliwa Njoro mwaka 1927.

Mwaka 1971, nikiwa darasa la sita, jirani mmoja alikopa kwa baba sukari, mafuta ya taa na magunia, alipe akivuna. Shamba lake nililiona kwa macho yangu: refu, la kijani, zuri. Wiki chache baadaye akaja mikono mitupu, suruali imejaa vumbi jekundu, akasema ngano yote ni makapi. Mimi nikamwita mwongo mbele ya watu. Baba hakusema neno. Alifunga daftari akaenda kusali.

Nilipofika sekondari, mwalimu wa elimu ya viumbe alituwekea shina la ngano chini ya hadubini. Kumbe kutu hupasua ngozi ya shina, hula chakula kinachopanda kwenye suke na kuyaacha maji yapotee. Shamba laweza kupendeza kwa mbali na ndani hamna kitu. Nilirudi kumtafuta yule mzee. Alikuwa amekwisha hama.

Mwaka 1998 kutu mpya ya shina iligunduliwa Uganda, ikaitwa Ug99. Iliishinda kinga iliyotegemewa katika mbegu za nchi nyingi, ikafika Yemen mwaka 2006 na Iran mwaka 2007. Tangu mwaka 2005 nchi nyingi hupeleka mbegu zao Njoro zikajaribiwe, kwani pale ugonjwa haukosekani.

Huku Oman nimepanda Jabal Akhdar, Saiq, mwinuko unaokaribia ule wa kwetu. Hewa ni kavu, na shida ya ngano huko ni maji: falaj ikipungua, vipando vya msimu huachwa ili miti ya makomamanga inywe kwanza.

Daftari la baba ninalo hapa Maskati. Ukurasa wa yule jirani umepigwa mstari mmoja wa wino, na pembeni baba ameandika kwa herufi za Kiarabu: kutu.