Jibu la Kughilibu na Asili Yake

Mtu apimwaye kwa mtihani wa ufahamu hupewa habari aisome, kisha swali, kisha majibu manne achague moja. Matatu kati ya hayo ni makosa, walakini si makosa ya namna moja. Moja huwa mbali na kweli, hata msomaji dhaifu hulikataa. Jingine hukaa jirani na kweli, limevaa maneno yale yale ya habari, nalo humvuta aliyesoma kwa haraka na hata aliyesoma kwa bidii. Jibu hili la kughilibu lina historia yake, na yafaa kuijua, maana limeamua majaaliwa ya watoto wengi.

Chimbuko lake la karibu ni Marekani. Katika mwaka 1914 Frederick J. Kelly alitoa tasnifu yake ya Chuo Kikuu cha Columbia juu ya alama za walimu, naye alionyesha jinsi walimu wanavyohitilafiana katika kuzitoa. Dawa aliyoitafuta ilikuwa swali lenye jibu moja tu, lisilomwachia msahihishaji nafasi ya kupendelea wala kukisia. Mtihani wake wa kusoma kimya, uliotungwa kwa ajili ya shule za Kansas, ulikuwa wa dakika 5 tu.

Swali moja la mtihani huo liliorodhesha wanyama wanne: ng'ombe, simbamarara, panya na mbwamwitu. Mtoto alitakiwa azungushie mstari jina la kila mnyama mwenye manufaa shambani. Simbamarara na mbwamwitu hawamghilibu mtu. Lakini panya je? Panya yuko shambani, na ghala ni kwake. Mtoto aliyelishika neno "shambani" akaliacha neno "manufaa" atamchagua panya, wala hatakuwa amesema uongo juu ya makazi ya mnyama huyo. Amejibu kweli, ila amejibu swali ambalo hakuulizwa.

Aliyeichungua siri hii kwa makini ni Edward Thorndike, mwalimu wa chuo kikuu hicho hicho cha Columbia. Katika mwaka 1917 alitangaza uchunguzi wake juu ya makosa ya watoto katika kusoma aya fupi. Aya moja ilieleza sheria ya mahali paitwapo Franklin: kila mtoto wa miaka 7 hadi 14 sharti ahudhurie shule kila siku ya masomo, isipokuwa awe mgonjwa asiyeweza kwenda, au nyumbani kwao pawe na mwenye maradhi ya kuambukiza, au njia ziwe hazipitiki. Tuseme mtoto aulizwa ni lini msichana wa miaka 10 hatazamiwi kufika shuleni, naye ajibu, "Nyumbani kwao pakiwa na mgonjwa." Neno "mgonjwa" amelipa uzito kupita kiasi, na neno "kuambukiza" amelinyima uzito wake. Thorndike aliona kwamba kusoma ni kufikiri: msomaji huchagua maneno, huyapima na kuyaunganisha, kama afanyavyo mwenye kutatua hesabu.

Katika mwaka huo huo wa 1917 Marekani iliingia vitani, na jeshi lake likapima askari wapatao milioni 1.7 kwa mitihani ya akili iliyosahihishwa upesi. Baada ya vita desturi hiyo ya kuchagua jibu ikaenea mashuleni, na hatimaye ikafika kwetu. Nchini Kenya, tangu 1985 hata 2023, watoto waliomaliza shule ya msingi walisoma habari za Kiswahili na kuchagua jibu moja kati ya manne, na alama zao zikahesabiwa katika kupangiwa shule za sekondari.

Wahenga walisema, ukiona vyaelea vimeundwa. Jibu la kughilibu nalo huundwa. Habari ikisema kwamba baadhi ya wavuvi walirudi kabla ya jua kuchwa, jibu litasema wavuvi walirudi kabla ya jua kuchwa. Kila neno lake limetoka katika habari, ila "baadhi" limeibwa. Wako walimu wawafundishao wanafunzi kufuta majibu mawili na kubahatisha katika yaliyosalia. Hiyo ni hila dhidi ya mtahini, wala si kusoma. Mwalimu mwema humwuliza mwanafunzi aliyekosa: ni neno gani umelizidishia uzito, na ni lipi umelipunguzia? Mwanafunzi azoeaye swali hilo atalitambua jibu la kughilibu katika mtihani, na kesho ataitambua hati ya kughilibu anapotakiwa kuitia sahihi.

Mtahini naye ana wajibu. Mtego wake na uwe juu ya maana, usiwe juu ya neno gumu ambalo mtoto hajapata kulisikia. La sivyo atakuwa amepima kitu kingine, akakiita ufahamu.