Mtoto Hakui? Ngano Nayo Inaweza Kuhusika

Siliaki ni ugonjwa ambao gluteni, protini ya ngano na shayiri, inafanya kinga ya mwili ishambulie utumbo mdogo. Mtoto anakula lakini chakula hakimjengi: tumbo linavimba, anaharisha, anadumaa.

Daktari Willem Dicke wa Uholanzi alieleza mwaka 1950 jinsi watoto walivyopata nafuu wakiacha ngano, na kurudi nyuma wakirudishiwa.

Kawaida uzito ndio unatangulia, ndani ya miezi. Kimo kinafuata taratibu, hata miaka miwili mitatu. Akichelewa kugundulika anaweza asifidie chote.

Chapati na maandazi basi. Ugali wa mahindi, wali na muhogo ruksa. Ila usimwachishe ngano kabla ya kipimo cha damu, majibu yatadanganya!