Kwa Nini Mario Hachuji

Super Mario Bros. iliingia sokoni nchini Japani tarehe 13 Septemba 1985, ikiwa kaseti ya kuchezwa kwenye mashine ya Famicom ya kampuni ya Nintendo ya Kyoto. Programu na michoro yake yote ilikaa ndani ya kilobaiti 40, kiasi ambacho picha moja ya simu ya leo hukizidi mara nyingi. Ndiyo maana kichaka cha ardhini na wingu la angani ni mchoro uleule uliobadilishwa rangi. Gemu za baadaye zimeiacha mbali kwa picha na ukubwa, lakini yenyewe haijaacha kuchezwa. Wengi husema kinachoibeba ni kumbukumbu za utotoni. Nashikilia kwamba kinachoibeba zaidi ni namna inavyomfundisha mchezaji bila kumwambia neno.

Tazama mwanzo wake. Mario amesimama upande wa kushoto wa skrini, na uwazi wote uko kulia kwake; mchezaji anajua pa kwenda. Mara anatokea Goomba, kiumbe mwenye sura ya hasira. Ukimgusa, unakufa, lakini umepoteza sekunde chache tu. Juu yake kuna boksi lenye alama ya kuuliza. Ukiligonga kwa kichwa, uyoga unatoka, unateleza kwenda kulia, unagonga bomba na kukurudia. Aliyekwisha kumwogopa Goomba atataka kuuruka, lakini tofali zilizo juu humrudisha chini, uyoga unamgusa, naye anakua. Wabunifu wake, Shigeru Miyamoto na Takashi Tezuka, walieleza mwaka 2015 kwamba mpangilio huo ulikusudiwa. Hapo mchezaji amekwisha kujua adui ni yupi na zawadi ni ipi.

Kuna hoja kwamba ni nguvu ya biashara tu, kwa kuwa nakala nyingi kati ya zaidi ya milioni 40 zilizouzwa zilitolewa pamoja na mashine. Kweli, mauzo peke yake hayathibitishi mapenzi. Lakini mwaka 1986 Nintendo ilitoa Japani toleo la pili lenye Mario yuleyule na michoro karibu ileile. Katika hatua yake ya kwanza kabisa uliwekwa uyoga wa sumu, unaomuua mchezaji aliyefundishwa kwamba uyoga ni wa kheri. Nintendo ya Marekani iliona toleo hilo ni gumu mno, na mwaka 1988 ikawapa wateja wake gemu nyingine, iliyogeuzwa kutoka Doki Doki Panic. Kama jina na sura vingetosha, isingekuwa na haja ya kuhangaika hivyo.

Pia kuna kuruka kwenyewe. Katika Donkey Kong ya 1981, Mario akishapaa hageuziki; hapa unamwongoza angani, na ukikibana kitufe zaidi anakwenda juu zaidi. Utiifu huo ndio unaowafanya washindani wa kasi waendelee kugombania vipande vya sekunde, wakiimaliza chini ya dakika 4 na sekunde 55. Dosari ipo: baadhi ya ngome humzungusha mchezaji njia ileile bila kumpa dokezo la kutosha, na hapo gemu inavunja ahadi yake yenyewe. Ila hatua ya kwanza haina cha kupunguza. Mwenye shaka ampe mtoto asiyewahi kuiona, asimwelekeze chochote, kisha ahesabu ni mara ngapi Goomba yule wa kwanza atamshinda.