Saa Zinazokubaliana: Historia ya Saa, Reli na Simu Tanga

Wanafunzi mliokusanyika madarasani, fungueni daftari zenu. Leo tutajifunza kwa nini saa ya mji mmoja lazima ikubaliane na saa ya mji mwingine, na kwa nini kazi ya kuzilinganisha haiishi.

Zamani watu wa pwani, toka Pangani mpaka Moa, hawakuwa na haja ya saa ya ukutani. Jua lilipochomoza, saa za mchana zilianza kuhesabiwa. Mwadhini alitazama kivuli akajua adhuhuri imefika. Mvuvi alifuata maji kujaa na kupwa. Kila mji ulikuwa na adhuhuri yake, wala hakuna aliyepata hasara.

Lakini adhuhuri hizo hazikuwa sawa. Dunia huzunguka kuelekea mashariki, kwa hiyo jua hufika juu ya Tanga kabla ya kufika juu ya Moshi. Tofauti yake ni dakika 7 hivi. Mtu aendaye kwa miguu hawezi kuitambua tofauti hiyo.

Mwaka 1893 Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga. Reli hiyo ilifika Korogwe mwaka 1902, Mombo mwaka 1905, na Moshi mwaka 1911. Urefu wake ulikuwa kama kilomita 350, na njia ilikuwa moja tu. Sasa fikirini. Garimoshi moja linateremka kutoka bara, na jingine linapanda kutoka pwani. Katika njia moja hayawezi kupishana ila stesheni. Kama mkuu wa stesheni hii angefuata jua la Moshi, na mwenzake jua la Tanga, gari moja lingeruhusiwa kuondoka huku jingine lingali njiani. Dakika 7 ambazo hazikumdhuru mtembea kwa miguu zingeweza kuua abiria.

Ndiyo sababu reli za dunia zilichagua saa moja kwa njia nzima. Huko Uingereza, tangu mwaka 1852, alama ya saa ya Greenwich ilipelekwa mijini kwa waya wa simu. Mwaka 1884 wajumbe wa nchi nyingi walikutana Washington, nchini Marekani, wakakubaliana kwamba hesabu ya saa za dunia ianzie Greenwich. Leo saa za Afrika Mashariki ziko mbele ya Greenwich kwa saa 3 kamili. Jua la Tanga lenyewe liko mbele kwa saa 2 na dakika 36 tu. Basi, kwa wastani, saa yako ikionyesha saa sita kamili mchana, jua la Tanga bado lina dakika 24 kufika katikati. Tumeiacha saa ya jua letu ili tupatane na wenzetu.

Haya, tuje kwenye simu ya mdomo. Katika ofisi za simu za zamani, opereta aliunganisha watu wawili kwa kuchomeka waya kwenye ubao. Saa yake ilikuwa ya kuhesabu dakika za malipo. Ikikosea kidogo, maneno ya wazungumzaji hayakuharibika, kwa maana sauti ilipita katika waya moja kwa moja.

Katika miaka ya mwisho ya karne ya 20 ilienea mitambo ya namna nyingine, iitwayo ya kidijiti. Mtambo huu haupeleki sauti yenyewe. Huipima sauti mara 8,000 kila sekunde, ukapeleka hesabu za vipimo hivyo. Mtambo wa upande wa pili huzipokea hesabu na kuzigeuza kuwa sauti tena. Mmewaona wanawake wawili wakitwanga katika kinu kimoja? Mmoja anashusha mchi, mwenzake anainua. Mmoja akiharakisha, michi itagongana. Ndivyo ilivyo kwa mitambo miwili ya simu. Saa ya mpelekaji ikienda mbio, hesabu humjaa mpokeaji, naye hulazimika kutupa fungu moja. Ikichelewa, mpokeaji hurudia fungu la zamani. Jambo hili tuliite kuteleza.

Haba na haba hujaza kibaba. Saa ya mkono inayokosea sekunde moja kwa siku 12 hivi tungeisifu sana. Lakini mitambo miwili ikiachana kwa kiasi hicho, itateleza kila baada ya dakika 2. Mzungumzaji husikia mlio mdogo tu. Lakini barua inayopita kwa mashine ya faksi hupotewa na mistari, na hesabu za benki hulazimika kupelekwa upya.

Dawa yake ni saa kuu. Mtambo wa mji mdogo hufuata ule wa mji mkubwa, na huo hufuata saa ya atomu. Saa mbili za atomu za namna hiyo, hata kila moja ikienda peke yake, hutelezesha mitambo mara moja tu kwa siku 70 hivi. Lakini waya hukatika. Basi mtambo hupewa njia ya pili ya kupokea saa, na huhesabu kila mtelezo. Kanuni ya mataifa ni kwamba, karibu wakati wote, simu ya nchi hadi nchi isiteleze zaidi ya mara 5 kwa siku. Hesabu ikizidi, king'ora hulia, na fundi hutafuta saa iliyopotoka kabla wenye simu hawajalalamika.

Basi, wasikilizaji, saa haitegwi mara moja ikaachwa. Tangu siku za garimoshi mpaka leo, watu wanaotumia njia moja huhitaji saa moja, na mtu wa kuiangalia.

Maswali ya darasani:
1. Kwa nini adhuhuri ya Tanga hutangulia ya Moshi?
2. Reli ya njia moja ilihitaji saa moja kwa sababu gani?
3. Elezeni kwa maneno yenu maana ya mitambo ya simu kuteleza.