Benaco: Tunapimaje Kupona kwa Mtoto?

Tarehe 28 na 29 Aprili 1994, katika muda wa takriban saa 24, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda na kuingia wilayani Ngara. Miongoni mwao walikuwamo watoto waliopotezana na wazazi na wengine walioshuhudia mauaji. Atakayetathmini huduma za afya ya akili kwa watoto katika pembe hii ya Kagera hana budi kuanzia kambi ya Benaco.

Kambini, watoto waliokuwa peke yao waliandikishwa na ndugu zao wakatafutwa. Ni kazi iliyostahili heshima. Hata hivyo, idadi ya walioandikishwa hupima juhudi za mtoa huduma. Haituambii kama mtoto ameanza kulala bila kushtuka. Hata utafiti wa UNICEF wa mwaka 1995, uliohoji watoto zaidi ya 3,000 nchini Rwanda kwenyewe, ulionyesha ukubwa wa jeraha. Kupima jeraha si kupima dawa.

Ugumu wa pili ni muda. Tarehe 5 Desemba 1996, serikali yetu na UNHCR walitangaza kwamba Wanyarwanda wote warejee kwao ifikapo tarehe 31. Katika wiki chache kambi zao zikabaki tupu. Huduma iliyofungamana na kambi hufa pamoja na kambi, ilhali hofu ya mtoto huvuka daraja pamoja naye. Lukole, kambi ya Warundi, ilidumu hadi 2008. Mtoto aliyezaliwa humo miaka ya mwanzo angeweza kufikia umri wa kumaliza darasa la saba. Hapo muda wa kumfuatilia ulikuwapo.

Ugumu wa tatu ni wenyeji. Ngara ilikuwa na wakimbizi wengi kuliko wananchi wake. Mapori ya Burigi na Biharamulo yaliharibiwa, ujambazi ukashamiri, na mabasi yakawa yanasindikizwa na askari wenye silaha. Watoto wa vijiji hivyo nao walikua ndani ya hofu hiyo, bila kadi ya ukimbizi ya kuwaingiza katika hesabu ya wahitaji.

Mkoani humohumo, wilayani Muleba, mradi wa Humuliza ulifuata njia nyingine kwa yatima wa UKIMWI: ulikaa nao kijijini, na vijana wenyewe wakaunda chama chao, Vijana Simama Imara. Huduma iliyokaa mahali pamoja inaweza kumwuliza mtoto yuleyule swali lilelile baada ya miaka.

Mwaka Lukole ilipofungwa, Bunge letu lilitunga Sheria ya Afya ya Akili. Sheria tunayo. Kwa hiyo, msomaji wangu, ukiletewa ripoti ya mafanikio kutoka Ngara au Biharamulo, iulize mambo matatu: mtoto alikuwaje kabla, yukoje mwaka mmoja baadaye, na ni nani hakuandikishwa?